Uzi: Osiloskopu ya analogi au ya dijitali, anayejifunza elektroniki nyumbani hapa Nairobi anunue ipi?

Sakiti_Umoja (mwanzishaji wa uzi)

Wadau, salaam. Kijana akishanunua chuma cha kulehemu, mita na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia) yake ya kwanza pale Luthuli Avenue, swali linalofuata huwa ni la osiloskopu, yaani kifaa kinachochora kwenye skrini jinsi volteji inavyobadilika kwa muda, na majibu anayopewa mara nyingi humchanganya zaidi. Huyu atamwambia atafute ile ya zamani yenye skrini ya kijani kwa sababu ni imara na haidanganyi. Yule atamwambia kwamba zama za analogi zimekwisha na asipoteze pesa zake. Nimeona niandike kwa urefu, kwa kuwa bei ya kifaa hiki kwa wengi wetu si mchezo, na si haki mtu aitoe bila kujua anachokinunua.

Msimamo wangu nautanguliza. Anayeanza leo, na ambaye ana uwezo wa kununua osiloskopu moja tu, anunue ya dijitali. Sisemi hivyo kwa ajili ya rangi za skrini wala wingi wa vitufe. Nasema hivyo kwa sababu ishara nyingi tunazotaka kuziona katika kazi zetu hutokea mara moja na kutoweka, na osiloskopu ya analogi ya kawaida haina mahali pa kuziweka.

Tuanze na namna zinavyofanya kazi. Osiloskopu ya analogi imejengwa juu ya tyubu ya miale ya kathodi, ambayo Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani aliibuni mwaka 1897. Mwale wa elektroni hupigwa kuelekea kwenye skrini iliyopakwa fosfori, volteji unayoipima huuvuta mwale juu au chini, na sakiti nyingine huutembeza kutoka kushoto kwenda kulia kwa kasi uliyoichagua. Panapopigwa na mwale pang'aa, kisha pafifia upesi. Ili jicho lione mstari uliotulia, ni lazima mwale urudi kuchora umbo lile lile mara nyingi kwa sekunde, na kila safari uanzie mahali pale pale katika wimbi. Kazi ya kuuanzisha kila safari mahali sahihi ni ya triga, na mashine ya Tektronix 511 ya mwaka 1947 ndiyo iliyoipa sifa kubwa kampuni hiyo ya Marekani kwa kulifanya jambo hilo vizuri. Ya dijitali hufanya vingine kabisa: hupima volteji kwa vipindi vifupi sana, huigeuza kila sampuli kuwa namba, huziweka namba hizo katika kumbukumbu, kisha huchora picha kutokana na namba zilizohifadhiwa.

Sasa chukueni kihisi cha joto na unyevu cha DHT11, ambacho karibu kila anayejifunza Arduino hukutana nacho. Arduino hukiamsha kwa kuushusha waya wa data hadi sifuri kwa angalau milisekunde 18, kisha huuachia. Kihisi hujibu kwa kuushusha waya kwa mikrosekunde 80, huupandisha kwa mikrosekunde 80 nyingine, halafu hutuma biti 40. Kila biti huanza kwa kushuka kwa mikrosekunde 50; waya ukipanda kwa takriban mikrosekunde 27 biti hiyo ni 0, na ukikaa juu kwa takriban mikrosekunde 70 ni 1. Jibu zima huchukua milisekunde chache tu, na baada ya hapo kimya, kwa kuwa kihisi hiki hakitakiwi kuulizwa zaidi ya mara moja kwa sekunde.

Ukiunganisha osiloskopu ya analogi hapo, utaona mmweko mmoja mwembamba kila sekunde, nao utapotea kabla hujahesabu hata biti tatu. Ukiunganisha ya dijitali, ukaweka triga kwenye ukingo unaoshuka na kuchagua hali ya kunasa mara moja, picha itasimama mbele yako. Utaivuta, utapima upana wa kila biti, na utajua kama kihisi ndicho kibovu, kama rezista ya kuvutia juu (inayourudisha waya kwenye volteji ya juu) imesahaulika na kingo zinapanda polepole, au kama programu yako ndiyo inayosoma kwa kuchelewa. Jambo hilo hilo hutokea kwa swichi inayorukaruka inapobonyezwa, kwa volteji inayoporomoka pale mota inapowaka, na kwa herufi moja inayotumwa kwenye laini ya data. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila biti huchukua takriban mikrosekunde 104, na herufi nzima pamoja na biti ya mwanzo na ya mwisho hupita kwa zaidi kidogo ya milisekunde moja. Ukiinasa herufi A, utaona laini ikishuka kwa biti ya mwanzo, kisha 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0, kwa kuwa biti yenye thamani ndogo zaidi ndiyo hutangulia, halafu laini inarudi juu. Mwanafunzi aliyeisoma herufi hiyo kwa macho yake kwenye skrini hahitaji tena kukariri maelezo ya mawasiliano ya aina hiyo.

Zaidi ya hapo, ya dijitali huonyesha yaliyotokea kabla ya triga. Kumbukumbu yake hujazwa muda wote, na triga huiambia tu isimame. Kwa anayetafuta chanzo cha hitilafu, sekunde iliyotangulia tukio ndiyo yenye habari.

---

Fundi_wa_Ngara

Ndugu Sakiti, nakushukuru kwa maelezo, lakini ruhusu mtu aliyetumia osiloskopu ya analogi ya Hitachi ya megahezi 20 kwa miaka mingi aseme neno. Kazi yangu ni amplifaya, zikiwemo zile za matatu zinazoletwa zikiwa zimeungua transista za mwisho. Mimi hupitisha wimbi safi la kilohezi 1 (mizunguko elfu moja kwa sekunde) kwenye ingizo na kulifuata hatua kwa hatua hadi kwenye spika. Wimbi hilo linajirudia, halipotei, na skrini yangu hunionyesha vilele vinavyoanza kukatika, vinyweleo vya mtetemo juu ya mstari, na ukungu wa kelele, yote papo hapo bila kusubiri. Nimeona osiloskopu za dijitali za bei nafuu zikichora mstari mnene hata pale ambapo hakuna kitu, na nimeona moja ikimwonyesha kijana wimbi ambalo halipo kabisa. Ya kwangu haina uwezo wa kubuni wimbi. Je, hilo si jambo la maana kwa anayejifunza?

---

Sakiti_Umoja

Mzee wangu, ni jambo la maana sana, na nakubaliana nawe katika sehemu kubwa. Kwa amplifaya, kwa redio za masafa ya chini na kwa kila kitu kinachojirudia, osiloskopu nzuri ya analogi bado ni kifaa kamili, na mtu aliye nayo ikiwa nzima hana sababu ya kuiuza. Ule mwangaza unaozidi pale mwale unapopita mara nyingi, na kufifia pale unapopita kwa nadra, ni habari halisi ambayo mashine za dijitali zilichukua miaka mingi kuiga. Kuhusu mstari mnene, sababu yake ni kwamba nyingi hugawanya kimo chote cha kipimo katika ngazi 256 tu, yaani biti 8, na kelele za sakiti ya ndani huongezeka juu yake. Siku hizi zipo za biti 12 zinazofikiwa na mtu wa kawaida, kama Rigol DHO804 iliyotoka mwaka 2023, ambazo zina ngazi 4,096. Kwa kazi ya sauti tofauti huonekana.

Hilo la wimbi lisilokuwepo linastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na muuzaji hatakueleza. Osiloskopu ya dijitali husema kweli ikiwa tu sampuli zake ziko karibu karibu kuliko mabadiliko ya wimbi. Tuseme mashine ina nafasi ya sampuli 2,500 tu katika kumbukumbu, kama zilivyokuwa Tektronix za mfululizo wa TDS 200 na TDS 1000, na wewe umezungusha kitufe cha muda hadi skrini nzima ikawa sekunde moja. Mashine italazimika kuchukua sampuli 2,500 kwa sekunde, hata kama kwenye boksi imeandikwa sampuli bilioni moja. Wimbi la hezi 50,100 likiingia hapo, litachorwa kama wimbi zuri la hezi 100, limetulia, la kupendeza, na la uongo. Mashine yenye kumbukumbu ya sampuli milioni 12, kama Rigol DS1054Z, katika hali ile ile itachukua milioni 12 kwa sekunde, na wimbi hilo litabaki kuwa lenyewe.

Kwa hiyo, wanaonunua, msiishie kuuliza kasi ya sampuli. Ulizeni na ukubwa wa kumbukumbu, kisha mjue kwamba kasi iliyoandikwa mara nyingi ni ya chaneli moja, yaani ingizo moja la kupimia: DS1054Z niliyoitaja hutoa sampuli bilioni moja kwa sekunde ukitumia chaneli moja, lakini ukiziwasha zote nne kila moja hubaki na milioni 250. Na mkiwa mnatazama wimbi msilolijua, anzeni na muda mfupi kabisa, kisha mpanue polepole. Umbo likibadilika ghafla na masafa yakaonekana kushuka unapopanua muda, mashine imeanza kukosa sampuli.

---

Kasarani_Solda

Habari za jioni, wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimekuwa nikiangalia ile seti ndogo ya vipande ya DSO138, osiloskopu ya kulehemu mwenyewe, na pia osiloskopu za USB za kuunganisha na kompyuta. Je, hizo zinatosha kwa kuanzia? Pia sijaelewa vizuri megahezi zinazoandikwa mbele ya kila mashine zinamaanisha nini hasa.

---

Sakiti_Umoja

Karibu sana, ndugu. Nianze na megahezi, kwa kuwa ndizo zitakazojibu swali lako la kwanza. Namba hiyo hutaja masafa ambapo wimbi la sini (lile laini lisilo na kona) huonekana limepungua hadi takriban asilimia 71 ya kimo chake cha kweli. Maana yake ni kwamba ukipima volti 1 ya megahezi 20 kwa osiloskopu ya megahezi 20, utasoma volti 0.7 hivi. Kwa mawimbi ya mraba, ambayo ndiyo lugha ya dijitali, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wimbi la mraba limeundwa na sini nyingi za masafa ya juu zaidi: ya mara tatu, mara tano, na kuendelea. Laini ya SPI (njia ya kupitishia data kati ya chipu) ya Arduino Uno inaweza kwenda kwa megahezi 8. Sini yake ya mara tatu iko megahezi 24 na ya mara tano iko megahezi 40. Ukiitazama kwa mashine ya megahezi 20, kingo zote zitakuwa zimeviringika na utadhani sakiti yako ndiyo mbovu. Kanuni nyingine inayosaidia ni kugawanya 0.35 kwa upana wa masafa (yaani namba hiyo ya megahezi) ili kupata muda mfupi kabisa wa kupanda ambao mashine inaweza kuuonyesha: megahezi 20 hutoa nanosekunde 17.5, megahezi 50 hutoa 7, na megahezi 100 hutoa 3.5. Kwa kazi zetu, megahezi 50 za kweli zinatosha kwa muda mrefu.

DSO138 huchukua sampuli milioni moja kwa sekunde, na upana wake ni kilohezi 200. Kwa sauti, kwa kihisi nilichokitaja hapo juu, na kwa herufi za biti 9,600, inafaa, na kuilehemu kwenyewe ni somo. Kwa SPI haitakuonyesha kitu chenye maana, na kwa pawasaplai za kisasa zinazowasha na kuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, utaona kivuli tu cha kinachoendelea. Kama bei yake haikuumizi, ichukue ujifunzie triga na migawanyo ya skrini, ukijua kwamba utahitaji nyingine.

Hizo za USB zinatofautiana mno. Hantek 6022BE, kwa mfano, hutajwa kuwa ya megahezi 20, na sampuli zake ni milioni 48 kwa sekunde. Zaidi kidogo ya sampuli mbili kwa kila mzunguko wa wimbi la juu kabisa. Kinadharia wimbi la sini linaweza kujengwa upya kutoka hapo, lakini kwa macho utaona vijiti na si umbo. Ichukulie kuwa ya megahezi tano hivi na hutakuwa na manung'uniko. Kinachonitia wasiwasi kuhusu USB ni kwamba ardhi ya probu (waya wa kupimia) ni ardhi ya kompyuta yako, na kosa moja kwenye sakiti ya umeme wa ukutani linaweza kuondoka na kompyuta yenyewe.

Ukiagiza kutoka nje, weka akiba ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa nchini ni asilimia 16, pamoja na malipo mengine ya forodha na ya usafirishaji. Wengi hulinganisha bei ya mtandaoni na ya dukani bila kuyaingiza hayo, kisha huwalaumu wenye maduka bure.

---

Buruburu_Redio

Kaka Sakiti, mimi nimepata analogi ya mitumba, nayo bei yake ni nzuri kuliko dijitali yoyote mpya. Muuzaji anasema ilitoka katika maabara ya ng'ambo. Nikaguaje kabla ya kutoa pesa?

---

Sakiti_Umoja

Dada, kabla ya kuichomeka popote, tazama mgongoni. Zilizotoka Marekani huenda zimewekwa kwenye volti 110 au 120, na umeme wetu ni wa volti 240. Zipo zenye swichi au fyuzi ya kubadilisha, na zipo zisizo nayo. Ukiridhika na hilo, iwashe na uiache iwake angalau dakika ishirini. Nyingi huonekana nzima zikiwa baridi, kisha mstari huanza kuhama au kutetemeka zikipata joto, kwa sababu kapasita za ndani zimekauka kwa uzee. Zungusha vitufe vya kung'aza na kufinya nukta: nukta ikikataa kuwa ndogo na kali, au mwangaza ukiwa hafifu hata ukiuzungusha hadi mwisho, tyubu imechoka, na tyubu hutaipata Luthuli, wala River Road, wala kwingineko kwa bei ya maana.

Halafu unganisha probu kwenye kile kijipini cha kujipimia kilicho mbele ya mashine, ambacho kwa kawaida hutoa wimbi la mraba la kilohezi 1. Pitia kila hatua ya volti kwa chaneli zote mbili, kisha kila hatua ya muda. Wimbi linapaswa kubadilika kimo kwa uwiano unaoeleweka kila unapogeuza. Pale linapotoweka hadi utikise kitufe, viunganishi vya ndani vimeota kutu. Kagua hata hatua zile usizokusudia kuzitumia. Na tafadhali usiifungue kwa kudadisi hata ikiwa imechomolewa ukutani, kwa kuwa tyubu hiyo huendeshwa kwa volti elfu mbili na kuendelea, na kapasita zake hazimwagi chaji mara moja.

Ikipita vipimo hivyo vyote na bei ikawa chini sana ya dijitali mpya, inunue kwa ajili ya redio zako bila kusita. Isipopita kimoja, iache, hata muuzaji akipunguza bei, labda kama una fundi wa kuaminika na nafasi ya kuweka mashine ya vipuri.

---

Fundi_wa_Ngara

Hapo kwenye tyubu umesema kweli tupu. Ya kwangu ikifa siku moja, najua sitaifufua. Naomba uwaeleze vijana na habari ya waya wa ardhi wa probu, kwa kuwa wengi wanaanza kutengeneza pawasaplai za televisheni na inveta za sola, na nimeona probu zilizoyeyuka ncha.

---

Sakiti_Umoja

Ahsante kwa kunikumbusha, Mzee, na hapa naomba kila mmoja asome taratibu, kwa sababu hakuna tofauti kati ya analogi na dijitali katika jambo hili. Kile kibanio cheusi cha probu kimeunganishwa moja kwa moja na pini ya ardhi ya plagi. Upande wa kwanza wa pawasaplai ya kisasa, yaani upande uliounganika na umeme wa ukutani kabla ya transfoma, una kapasita kubwa yenye takriban volti 340, na hasi yake si ardhi. Ukibana kibanio hapo, mkondo utapita kwenye waya mwembamba wa probu kuelekea ardhini, na kitakachofuata ni mlipuko. Dawa inayopendekezwa na baadhi ya watu, ya kukata pini ya ardhi ya osiloskopu, ni hatari kupita ugonjwa: kasha la chuma la mashine, na kila tundu la probu unaloligusa, litakuwa na volteji ile ile ya mahali ulipobana.

Njia salama ya kwanza ni transfoma ya kutenganisha, na inayowekwa nyuma yake ni kifaa unachokitengeneza, si osiloskopu. Ya pili ni probu ya kupima tofauti ya volteji kati ya ncha zake mbili bila kutegemea ardhi, ambayo bei yake ni kubwa. Ya tatu haihitaji kununua kitu ikiwa mashine yako ina chaneli mbili, na analogi nyingi huiweza sawa na dijitali: chukua probu mbili zinazofanana, zilizoandikwa kuwa zinahimili volti 600 zikiwa kwenye kumi (×10, yaani probu inapopunguza volteji mara kumi), ziweke zote mbili kwenye kumi, na hakikisha zote zinaonyesha mraba ulionyooka kwenye kijipini cha kujipimia. Ondoa vibanio vyote viwili vya ardhi. Kifaa kikiwa kimezimwa, weka ncha moja kwenye kila upande wa sehemu unayotaka kupima. Weka chaneli zote kwenye hatua sawa ya volti, chagua hesabu ya chaneli ya kwanza kutoa ya pili, au kwenye analogi geuza ya pili kisha ujumlishe, ndipo uwashe. Zimeni tena na msubiri kapasita ishuke, mkithibitisha kwa mita, kabla ya kuhamisha ncha.